Umeongeza springi za nyuma za lori nyumbani na sasa kuna tatizo: anzia kwenye dalili

Malalamiko ya watu waliojiongezea springi za nyuma za lori hufanana sana. Lori limelala upande mmoja. Linakwenda ubavu. Linagonga likianza kuondoka. Linatetemeka likifika mwendo fulani. Jani jipya (moja ya vibamba vya chuma vinavyopangwa pamoja kuwa springi) limekatika kabla hata rangi yake haijachubuka. Karibu kila mara mwenye lori huilaumu springi: chuma kibovu, aliyeuza kadanganya. Inawezekana, lakini mara nyingi kosa liko kwenye kile kilichoibana springi (yubolti, bolti ya umbo la U inayofunga springi kwenye ekseli; senta bolti, inayopita katikati ya majani yote; na kikalio, mahali springi inapokalia ekseli), au kwenye vitu vilivyosahaulika ekseli iliposogea mbali na chesisi: shokapu, propela (shafti inayopeleka nguvu kutoka kwenye gia hadi ekseli ya nyuma), mipira ya breki, na vali inayopima mzigo. Kwa hiyo popote utakapoingia katika mwongozo huu, kagua kwanza vya kukazwa na vya kupimwa kwa futi, ndipo ufikirie kushusha springi tena.

Jambo jingine liwekwe wazi mapema. Kuongeza majani hakuongezi uzito ambao lori limeruhusiwa kubeba. Kibao cha mtengenezaji kinahesabu ekseli, rimu, tairi, breki na chesisi, na kila kimoja kina kikomo chake. Springi ngumu inafanya lori lisikae chini likiwa na mzigo halali. Ikitumika kuficha mzigo uliozidi, kitakachofuata kukatika si springi.

Kabla hujaingia chini

Hendibreki ya malori mengi hushika tairi za nyuma tu. Maana yake, ukiinua ekseli ya nyuma, lori halina tena breki ya kuegeshea. Limesimama kwa hisani ya sakafu. Weka kabari mbele na nyuma ya tairi za mbele, pande zote mbili, kabla jeki haijagusa chuma. Sakafu iwe zege tambarare. Jeki ni ya kuinulia, stendi ndizo za kubebea, na uwezo wa stendi uzidi uzito wa upande huo wa lori kwa nafasi ya kutosha. Matofali, magogo na rimu zilizopangwa si stendi.

Fungu la springi la lori zito linaweza kupita kilo mia moja, na limebanwa kwa nguvu. Ukifungua senta bolti bila kulibana kwanza kwa klampu mbili imara, majani huruka. Nati ya mwisho isifunguliwe huku uso wako uko juu ya bolti.

Na chemba ya breki za upepo yenye springi ndani usiifungue kabisa, hata kama inakuzuia kufikia yubolti. Springi ile imekandamizwa kwa nguvu ya kuua mtu. Kama chemba lazima itoke, hapo kazi ya nyumbani imeishia. Mwite fundi wa breki za upepo.

Dalili: linagonga au kulia

Naanza na hii kwa sababu ndiyo inayoripotiwa kuliko zote, na pia kwa sababu kisababishi chake cha kwanza ndicho mzazi wa matatizo mengine mengi.

Sikiliza kwanza mlio wenyewe. Kishindo kimoja kizito unapoachia klachi au unapokanyaga breki ni ekseli inayosogea kwenye kikalio chake. Mgongogongo mwepesi kwenye barabara ya mashimo ni pini, bushi au shokapu. Mlio mkavu wa kukwaruzana, lori likipanda na kushuka taratibu, ni majani yanayosuguana. Huo unakera masikio tu.

*Yubolti zimelegea.* Kisababishi cha kwanza, tena kwa mbali. Majani mapya yana rangi, kutu nyepesi na vijipindo vidogo. Lori likibeba mzigo mara ya kwanza hivyo vyote hukandamizika, fungu linakuwa jembamba kidogo, na yubolti iliyokuwa imekaza jana leo imelegea. Ndiyo maana yubolti hukazwa tena baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, na mara nyingine ndani ya kilomita 1,000 za mwanzo. Asiyefanya hivyo hajamaliza kazi.

Kagua hivi: chukua tochi, tazama pale yubolti inapogusa majani na pale fungu linapokalia ekseli. Ukiona unga mwekundu wa kutu mithili ya ugoro, au mstari unaong'aa kama chuma kilichopigwa msasa, kuna kitu kinatembea hapo. Gonga kila nati kwa nyundo ndogo: iliyokaza hulia kwa sauti ya juu, iliyolegea hutoa mlio wa kufa. Kisha weka spana ya toki (inayopima nguvu ya kukazia) na ukaze kwa mpangilio wa msalaba, kwa hatua tatu au nne, hadi kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha lori lako. Tairi ziwe chini zimebeba uzito wakati unakaza. Ukikaza springi inaning'inia, umekaza hewa.

Hapa watu hujikwaa, na inafaa tukae kidogo. Spana ya toki inaweza kulia "tak" na bado yubolti ikawa haijabana kitu. Ukitumia yubolti ndefu kupita kiasi, nati inashuka mpaka mwisho wa hesi (meno ya bolti) na kukwama kwenye sehemu nzima isiyo na hesi. Spana inasoma ugumu, wewe unaridhika, fungu linacheza. Tazama upande wa nati unaoelekea kwenye bamba: lazima hesi zibaki hapo. Yubolti fupi nayo ni hatari kwa upande wake: ikiwa hesi mbili au tatu hazijatokeza nje ya nati baada ya kuongeza jani, nati inashikilia nusu. Usiunge, usitafute nati nyembamba. Nunua yubolti ya urefu unaostahili unene mpya wa fungu.

Yubolti za zamani zisirudishwe. Zilipokazwa mara ya kwanza zilivutika, na hesi zake zimechoka. Zikikazwa tena hazishiki kwa nguvu ileile. Zisipashwe moto ili ziingie, wala zisichomelewe. Nati ziwe mpya, na washa ziwe zile nene ngumu, si za bati.

*Kikalio kimepakwa rangi nzito au kina uchafu.* Rangi ya kupaka kwa brashi kati ya fungu na ekseli inaonekana kama utunzaji, lakini ikibanwa hutambaa na kutoka kidogo kidogo, na yubolti inalegea kila wiki. Sehemu zinazobanana ziwe chuma kisafi au koti moja jembamba la rangi ya kuzuia kutu. Grisi haina kazi hapo kabisa.

*Pini, bushi na sheko.* Sheko ni vile vibamba viwili vinavyobembea ili springi irefuke inapokandamizwa. Ingiza mtaimbo kati ya sheko na kishikio chake kwenye chesisi, sukuma kwa upole. Ikicheza kwa kuonekana, bushi imekwisha. Bushi za shaba zinazolainishwa kwa grisi zinataka grisi mpya itokeze pembeni unapopiga. Isipotokeza, mfereji umeziba na pini inajila yenyewe. Bushi za raba zina kisa chao: bolti yake ikikazwa wakati ekseli inaning'inia, raba inakaa imejisokota muda wote, inalia, kisha inachanika. Legeza, shusha lori likae kwa uzito wake, kaza upya.

*Klipu za majani.* Zile bangili zinazozuia majani yasitawanyike springi inaporudi juu. Jani likiongezwa, klipu ya zamani haitoshi, na wengine huitoa wakaitupa. Fungu lisilo na klipu hupiga kelele na kumwachia jani kuu kazi yote ya kurudi. Rudisha, kwa bolti ndefu zaidi.

*Majani makavu.* Ya mwisho. Sabuni, maji, kisha kilainishi cha grafiti kwenye ncha za majani pekee.

Simama hapa: ukikuta senta bolti imekatika, au ekseli imesogea kwenye kikalio hata milimita chache, lori lisiondoke kwa matairi yake. Ekseli iliyotoka kwenye kikalio inaweza kuvuta mpira wa breki na propela kwa pamoja.

Dalili: lori limelala upande mmoja

Usipime kwa macho, na usipime kutoka ardhini hadi kwenye bodi. Bodi nyingi hazikufungwa sawa tangu siku ya kwanza. Egesha mahali tambarare, sawazisha upepo wa tairi zote, kisha pima kutoka juu ya ekseli hadi chini ya chesisi, kulia na kushoto, nyuma na mbele. Tofauti ya sentimita moja hivi kwenye springi ambazo hazijabeba mzigo hata mara moja isikukoseshe usingizi. Zibebeshe, zitembee, pima tena.

 Tofauti ikibaki, mara nyingi ni springi ya mbele iliyochoka: nyuma kulikuwa laini kukiificha, sasa kumekuwa kugumu na kunaisema. Vipimo vya mbele vitakuonyesha bila ubishi. Kisha kuna kubadilisha upande mmoja tu kwa kuwa ndio uliovunjika. Jani jipya upande mmoja dhidi ya majani ya miaka mingi upande wa pili halitalingana kamwe. Springi hubadilishwa jozi.

Pia kuna malori ambayo mtengenezaji aliyapa fungu la kulia na la kushoto lisilofanana, kwa sababu tangi la mafuta na betri viko upande mmoja. Yakibadilishana, lori linalala. Tafuta alama au namba iliyogongwa kwenye jani kuu kabla hujafungua chochote, na kama fungu limeshatoka bila alama, pima mpinde wa kila moja sakafuni: kamba iliyonyooka kutoka jicho (tundu la pini kwenye ncha ya jani kuu) hadi jicho, kisha kina katikati.

Ikiwa vipimo vya ekseli hadi chesisi vinalingana pande zote na bodi bado imelala, shida iko kwenye tairi pacha zisizolingana kimo, kwenye bodi, au chesisi imejipinda. Chesisi iliyopinda haitibiwi kwa kuweka kipande cha chuma chini ya springi upande mmoja, ingawa barabarani utayaona mengi yaliyofanyiwa hivyo. Peleka kwenye karakana yenye vifaa vya kupimia chesisi.

Dalili: linakwenda ubavu, au usukani umekaa mshazari barabara ikiwa imenyooka

Pima kutoka kitovu cha pini ya mbele ya springi hadi kitovu cha ekseli, kulia, kisha kushoto. Tumia futi ya chuma na msaidizi, kamba huvutika. Vipimo vinatakiwa kulingana, na tofauti ikipita milimita tatu hivi anza kutafuta sababu.

Senta bolti haijakaa kwenye tundu la kikalio. Kichwa chake cha mviringo ndicho kinachoiambia ekseli ikae wapi, na kikiwa kipana kuliko tundu, au kifupi mno baada ya kuwekwa bamba la nyongeza, kinapanda ukingoni. Yubolti zinakazwa, kila kitu kinaonekana sawa, kumbe ekseli imekaa mshazari. Legeza yubolti, inua chesisi kidogo, chungulia kwa tochi. Kichwa kisipozama chote, tafuta senta bolti ya kipimo sahihi. Usipanue tundu.

Sababu ya pili inawashangaza wengi: fungu limegeuzwa mbele nyuma. Kwenye springi nyingi senta bolti haiko katikati kamili. Upande wa mbele una urefu wake na wa nyuma wake. Pima kutoka senta bolti hadi kila jicho. Ikiwa fungu la upande mmoja limegeuzwa, ekseli inakaa mshazari. Yakigeuzwa yote mawili, lori litakwenda sawa, lakini tairi hazitakuwa katikati ya matao yake na propela itakuwa imevutwa au kusukumwa ndani.

Kwenye malori ya ekseli mbili nyuma, ongeza fimbo zinazozuia ekseli zisizunguke. Bushi zake zikiisha, ekseli moja inaelekea kivyake. Pima pia umbali kati ya ekseli na ekseli pande zote mbili. Ikiwa kila kipimo kiko sawa na tairi bado zinalika kwa kukwaruzwa, kazi iliyobaki ni ya mashine ya kupangia ekseli.

Dalili: mtetemo ambao haukuwepo

Gawa mara mbili. Mtetemo wa kuondokea, ule wa sekunde chache lori likivuta mzigo kutoka kusimama, huhusu pembe za propela na bearingi ya katikati. Mtetemo unaokuja kwenye mwendo fulani na kuongezeka ukikanyaga mafuta huhusu krosi (viungo vya msalaba kwenye ncha za propela), au propela iliyofungwa vibaya.

Kama propela ilitolewa wakati wa kazi, anza na hili: vichwa vyake viwili vina mpangilio, na mara nyingi kuna mishale iliyogongwa kwenye sehemu inayoteleza. Ikirudishwa ikiwa imepishana hata jino moja, lori zima litatetemeka, na unaweza kutumia mwezi mzima kutafuta kosa kwenye springi zisizo na hatia. Ni dakika tano kukagua, injini ikiwa imezimwa na kabari zikiwa zimewekwa.

Kisha pembe. Ekseli ikishuka mbali na chesisi, propela inasimama mteremko zaidi na krosi zake zinafanya kazi kwa pembe kubwa. Kwa kipima pembe cha kawaida cha sumaku, soma pembe ya gia, ya propela, na ya difu (kisanduku cha gia kilicho katikati ya ekseli ya nyuma). Tofauti kati ya gia na propela, na kati ya propela na difu, zinatakiwa zilingane, zisipishane zaidi ya nyuzi 1 hivi, na kila moja isizidi nyuzi 3 kwa mwendo wa kawaida. Zikipishana, huwekwa kabari za chuma kati ya springi na kikalio ili kugeuza pua ya difu. Ziwe za chuma kigumu. Za alumini hupondeka chini ya uzito wa lori, na zikishapondeka yubolti zimelegea, tukarudi kule kwenye dalili ya kugonga. Kabari ikiingia, senta bolti nayo inahitaji kichwa kirefu zaidi.

Kagua pia sehemu inayoteleza ya propela ina meno kiasi gani bado yameshikana. Lori likinyanyuliwa mno, meno yanabaki machache, na siku likiruka tuta propela inachomoka. Propela inayochomoka kwenye mwendo hupasua matangi na mabomba ya breki. Ukiona meno mapya yanayong'aa yametokeza nje ambayo hayakuwahi kuonekana, usiendeshe. Propela irefushwe na mtu mwenye mashine ya kusawazisha.

Dalili: breki zimebadilika

Hii inahatarisha watu wengine barabarani, na ajabu ni kwamba ndiyo ambayo wenye malori huizungumzia kidogo.

Malori mengi yana vali iliyofungwa kwenye chesisi, yenye mkono mdogo unaoshuka hadi kwenye ekseli. Kazi yake ni kupima mzigo: chesisi ikikaribia ekseli, vali inajua lori limebeba na inazipa breki za nyuma nguvu zaidi, ikikaa mbali, inajua lori ni tupu na inapunguza ili tairi zisijifunge. Sasa wewe umeweka springi ngumu na ndefu. Lori limebeba mzigo wake wote, chesisi haijashuka kama zamani, na vali bado inaamini lori ni tupu. Breki za nyuma zinapewa nguvu ya lori tupu huku nyuma yako kuna tani nyingi. Dalili ni umbali wa kusimama uliorefuka, breki za mbele kupata moto na kuliwa haraka, na pua ya lori kuzama sana ukikanyaga.

Hakikisha mkono wa vali haukufunguliwa au kupinda wakati wa kazi. Hakikisha hauning'inii mwisho wa safari yake. Baada ya hapo, acha. Kurefusha mkono kwa kukisia, au kuufunga kwa waya upande wa juu "ili breki zipate nguvu muda wote", kunafanya tairi za nyuma zijifunge lori likiwa tupu kwenye barabara yenye maji. Vali hupangwa kwa vipimo vya shinikizo dhidi ya uzito wa ekseli, na hiyo ni kazi ya karakana ya breki. Lori lisibebe mzigo kabla haijafanyika.

Mipira ya breki ni rahisi zaidi. Ekseli ikiwa imening'inia kabisa, mpira ubaki na ulegevu. Ukivutika kama kamba ya nguo, tafuta mrefu zaidi. Waya wa ABS (mfumo unaozuia tairi zisijifunge ukikanyaga breki) nao uufuate kwa kidole hadi mwisho, kwa sababu taa ya ABS kuwaka baada ya kazi ya springi kwa kawaida ni waya uliobanwa au kihisi kilichosukumwa.

Dalili: gumu likiwa tupu

Springi ngumu ni ngumu. Kuna kiasi ambacho ni lazima ukikubali. Lakini ikiwa tairi zinaruka kwenye vijituta, taa zinakatika nyuzi na bolti za bodi zinalegea zenyewe, umezidisha.

Mara nyingi tatizo ni unene. Ugumu wa jani unakwenda na unene mara unene mara unene: jani la milimita 14 si gumu kidogo tu kuliko la milimita 12 lenye upana na urefu uleule, ni gumu kwa karibu asilimia 60. Kwa upande mwingine, kuongeza jani la tisa linalofanana na mengine manane kunaongeza ugumu kwa takriban moja ya nane. Mtu akikuambia "weka nene kidogo", piga hesabu kwanza. Dawa ni kutoa jani nene na kuweka la unene uleule wa mengine, au kurudisha fungu la kiwandani na kufunga helpa juu yake: springi fupi ambayo haiguswi na kitu lori likiwa tupu, inayoanza kazi mzigo ukishuka.

Halafu kagua shokapu. Lori likiinuka, shokapu ya zamani inaweza kuwa imevutika hadi mwisho wake, na kila tuta unasikia inagonga ndani. Pima urefu wake lori likiwa limetulia. Lazima ibaki na nafasi ya kurefuka. Kama sheko nayo imesimama ikigusa chesisi, springi haina pa kurefukia na itakuwa gumu hata ingekuwa ya jani moja.

Dalili: bado linakaa chini

Kwa ufupi. Umeweka jani jipya kati ya majani yaliyochoka, na jipya limebeba peke yake huku mengine yakisindikiza tu. Au mpinde wa jani jipya haufanani na wa mengine: fungu likiwa sakafuni kabla ya kubanwa, nafasi kati ya majani zinatakiwa ziwe ndogo na zinazofuatana vizuri. Jani lenye mpinde mkubwa kuliko wenzake litabeba zaidi na kukatika kwanza. Au helpa imefungwa mbali mno na haifiki vikalio vyake. Au mzigo umezidi. Pitisha lori kwenye mizani ekseli kwa ekseli kabla ya kununua chuma kingine.

Dalili: jani limekatika tena

Usitupe vipande. Mahali jani lilipokatikia panaeleza sababu, ilimradi usifute uso wa mkatiko kwa brashi.

Mkatiko uliopita kwenye tundu la senta bolti, au kati ya yubolti mbili, ni yubolti zilizolegea. Sehemu ile ikibanwa vizuri haipindi, na chuma kisichopinda hakichoki. Hapa kubadilisha jani bila kubadilisha yubolti ni kupoteza fedha.

Ukikatika nje kidogo tu ya bamba la yubolti, fikiria mzigo uliozidi, au ukingo mkali wa bamba unaolikata jani. Karibu na jicho, ni pini iliyokauka, sheko iliyokwama, au ekseli inayovuta upande. Kwenye klipu, bolti ya klipu imekazwa hadi jani haliwezi kuteleza.

Kisha tazama uso wenyewe kwenye mwanga wa jua. Sehemu laini, nyeusi au yenye kutu, mara nyingi na mistari myembamba iliyopindapinda kama pete za mti, ni ufa wa zamani uliokuwa ukitembea kidogo kidogo kila safari. Sehemu yenye chembechembe zinazong'aa ndiyo iliyokatika siku ile. Sehemu ya zamani ikiwa kubwa, jani lilikuwa likikata kwa wiki nyingi na ukaguzi wa tochi ungeliona. Ikiwa karibu uso wote unang'aa, ni pigo moja kubwa au mzigo wa kupita kiasi. Fuata ufa hadi ulipoanzia: mara nyingi utakuta kijikwaruzo cha gurudumu la kusagia, alama ya nyundo, au tone la kuchomelea.

Springi hupata ukakamavu wake kwa kupashwa moto na kupozwa kwa kipimo kiwandani. Moto wa mtungi wa gesi, au cheche za kuchomelea chesisi zinazoangukia jani, hufuta kazi hiyo mahali zilipogusa. Jani halichomelewi, halitobolewi kwa moto, halipindwi kwa moto uani. Funika springi unapochomelea karibu nazo.

Kosa la mwisho katika kundi hili ni la kuchanganya aina. Kuna springi zenye majani machache, nene katikati na nyembamba nchani, yanayogusana katikati na mwisho tu. Ukiingiza jani la kawaida la unene mmoja kwenye fungu la aina hiyo, linaegemea pasipotakiwa na kuvunja la jirani. Hizo huongezewa nguvu kwa kubadilisha fungu zima kwa la uwezo mkubwa zaidi wa aina ileile.

Madogo yanayosahaulika

Taa za mbele huinama chini nyuma ikipanda. Zipange upya lori likiwa na mzigo wa kawaida. Nati za tairi zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100, hasa kwenye tairi pacha. Piga mstari mmoja wa rangi nyeupe kutoka kwenye kila nati ya yubolti hadi kwenye bamba lake, ili dereva aweze kuona kwa tochi kila asubuhi kama nati imezunguka, bila kushika spana.